Hongera kwa Kuimilikisha Rangi ya Njano

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Ofisi ya Hataza na Alama za Biashara ya Marekani,
Alexandria, Virginia.

YAH: SHUKRANI KWA KUTUFUNDISHA FAIDA YA KUSHINDWA KESI

Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka Gasenyi, Bujumbura, mji ambamo maharage huliwa mchana na jioni bila kibali cha mtu. Nakupongeza kwa hataza namba 5,894,079, ambayo ofisi yenu ilimpa Larry Proctor wa Colorado mwezi Aprili 1999. Mwaka 1994 bwana huyu alinunua mfuko wa maharage nchini Mexico, akachambua ya njano, akayapanda misimu kadhaa, akayaita Enola, kisha akaja kwenu kama mvumbuzi. Aliyemuuzia mfuko hakuulizwa kitu. Mlimkabidhi hadi rangi: ganda la njano la vipimo fulani vya kitabu cha rangi cha Munsell, mradi litazamwe kwa mwanga wa asili. Akina mama wa masoko yetu, wanaotenga ya njano kwa kuwa yana bei nzuri, hawakujua kuwa jua wanaloanikia ni kifaa cha maabara.

Hataza ikaanza kazi. Proctor alidai mrabaha wa senti 6 kwa kila ratili ya maharage ya njano yaliyotoka Mexico, na waagizaji wakaburutwa mahakamani. Desemba 2000, kituo cha utafiti wa kilimo cha CIAT, Colombia, kiliomba hataza ichunguzwe upya, kikaonyesha kuwa ghala lake la mbegu lina sampuli zaidi ya 260 za maharage ya njano. Mwenye hataza naye akaomba apewe hataza mpya iliyosahihishwa, na katika kusahihisha akaongeza madai 43 ya uvumbuzi juu ya 15 ya awali. Sheria yenu humruhusu aliyekosea kurudisha hati na kupewa iliyonyooka, na hilo ni jema. Ila hati ya zamani hubaki na nguvu mpaka mpya itoke. Wakaguzi wenu waliyakataa madai, akakata rufaa. Bodi ya rufaa iliyakataa mwaka 2008, akaenda mahakamani. Tarehe 10 Julai 2009 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho nayo ikayakataa. Alishindwa kila ngazi, na muda wote huo hataza ilikuwa hai. Wahenga walisema subira huvuta heri. Hawakutaja heri ya nani.

Mtanijibu kuwa rufaa ni haki, kwani mkaguzi naye hukosea, na mvumbuzi wa kweli asinyang'anywe jasho lake kwa kalamu ya mtu mmoja. Ni kweli kabisa. Lakini haki ya kusikilizwa ni jambo moja, na haki ya kutoza watu wakati unasikilizwa ni jambo jingine. Mtasema pia kuwa mwishowe mfumo ulifanya kazi. Ulifanya, kwa kuwa mlalamikaji alikuwa taasisi ya kimataifa yenye ghala la mbegu na wanasheria. Ushirika wa wakulima wa Kirundo au Ngozi ungewezaje kugharamia zaidi ya miaka minane ya kesi huko Marekani? Na mkisema hataza ya Marekani haifiki Burundi, hamjakosea: hakuna atakayekamata sufuria ya Gasenyi. Haikufika hata Mexico. Ilisubiri mpakani, kwenye soko, na mkulima wa Mexico akabaki na mavuno yaliyo halali shambani na haramu kwa mnunuzi.

Ombi langu kwenu ni dogo. Siku wakaguzi wenu wenyewe wanapoyakataa madai, mrabaha usiende tena mfukoni mwa mwenye hataza. Uwekwe kwenye akaunti ya amana hadi rufaa ya mwisho iamuliwe. Mvumbuzi wa kweli atazikuta fedha zake zote, na asiye wa kweli atakosa sababu ya kupenda rufaa ndefu. Nakala ya barua hii naituma kwa watunga sheria wetu hapa Bujumbura. Sheria yetu ya mali ya viwandani ni ya tarehe 28 Julai 2009, siku 18 tu baada ya hukumu ya Enola. Waheshimiwa wabunge, mtakapoirekebisha, isomeni hukumu hiyo kwanza, kisha mwulizeni mkulima kabla hamjamuuliza mwombaji.

Wenu mtiifu,
Mlaji wa maharage ya njano, Gasenyi