Jinsi ya Kumwogopa Mtu Aliyevaa Mkia

Picha ya mtu huyo usiitazame sana. Ukiikodolea macho utaona kijana wa Kimarekani amevaa kichwa cha mbweha kilichotengenezwa kwa sponji na manyoya ya bandia, anapunga mkono, na hofu itakuishia kabla hujaifikisha barazani. Wewe shika neno moja tu: hao watu wanaitwa mafuri. Kaa kwenye kahawa pale Ngamiani, Tanga, ngoja kikombe cha pili kimiminwe, kisha vuta pumzi: "Wazee wangu, dunia imekwisha. Huko kwa wenzetu watu wanageuka wanyama."

Usithubutu kueleza kwamba hawageuki chochote. Hao ni wapenzi wa wahusika wanyama wanaosema na kutembea kwa miguu miwili. Wanachora, wanaandika hadithi, kila mmoja anajibunia mnyama wake na kumpa jina. Mkutano wao wa kwanza ulifanyika California mwaka 1989, kwa hiyo wengine sasa wana wajukuu. Wengi hawana hata vazi, maana vazi kamili huweza kufika maelfu ya dola. Bei hiyo ifiche kabisa. Mtu wa Tanga akiisikia atacheka, na anayecheka haogopi.

Jihadhari na mtoto atakayeuliza, "Babu, na Sungura je?" Sungura wetu analima, anaposa, anakwenda barazani kwa mfalme Simba na kumtapeli Fisi mchana kweupe, na hakuna aliyewahi kumpeleka msimulizi kwa mganga. Mjibu mtoto kwamba hiyo ni mila, kisha mtume sukari dukani. Akirudi na swali la ngoma ya mapiko, uko taabani. Wamakonde waliofika mkoani kukata mkonge walitoka kwenye jamii ambayo mchezaji wa mapiko huvaa kichwa cha mti, mwili ukafungwa nguo hata ngozi isionekane, na wanawake na watoto wakaambiwa yule si mtu, ni mzimu. Kwa ustadi wa kujificha ndani ya vazi, mafuri wanafunzi tu.

Simba SC wakija uwanja wa Mkwakwani kucheza na Coastal Union, usigeuke kutazama jukwaani. Utamwona mtu mzima, baba wa watoto, amejichora uso mzima kama simba, ananguruma, na wenzake wanamwita Mnyama kwa heshima zote. Huyo ni shabiki. Yule wa Marekani mwenye mkia ni mgonjwa. Tofauti usiulizwe.

Ongeza kwamba ya mafuri yote ni ufuska. Hapa sema kwa sauti ya chini na upesi, kwani mji unaosifika nchi nzima kwa mahaba ukianza kupekua vyumba vya wenzake, wenzake nao watataka kupekua.

Sasa silaha kubwa: choo cha paka. Machi 2022 seneta wa jimbo la Nebraska, Bruce Bostelman, alisimama bungeni akadai shule zinawekea masanduku ya mchanga watoto wanaojiona paka. Siku hiyohiyo akaomba radhi, kwani hakuna shule iliyofanya hivyo. Kosa lake lilikuwa la kiufundi: alizungumza mahali ambapo watu wangeweza kupiga simu shuleni. Sisi wa pwani tunajua kwamba jambo la namna hii siku zote limetokea kijiji cha pili, kwa binamu wa jirani ambaye kwa bahati mbaya amesafiri. Mwaka 1995 pepo popobawa alienea Pemba kwa utaratibu huohuo, watu wakalala nje wakiota moto, akavuka mpaka Unguja. Kule mjini umati ulimuua mtu mgonjwa wa akili kwa kudhani ndiye. Mheshimiwa wa Nebraska aliishia kuomba radhi tu, bado mwanagenzi.

Likibaki jambo la kuogopa kwa haki, ni joto. Ndani ya kichwa kile cha sponji mtu haoni vizuri, hutoka jasho jingi, hulazimika kupumzika na kunywa maji kila mara. Wengine hufunga feni ndogo ndani, wengine huongozwa mkono na rafiki. Hayo ni huko kwao, tena kwenye ukumbi wenye kiyoyozi. Kwa hiyo mpwa wako akikujia na mchoro wa chui aliyemchora mwenyewe, akisema, "Shikamoo mjomba, naomba nishonewe vazi hili," usimsomee dua. Itikia marahaba, mpeleke kwa fundi, kisha mwache alijaribu vazi Raskazone, Februari, saa saba mchana. Akivua kichwa mpe dafu. Fundi akitaja bei ya manyoya, hapo una ruhusa ya kupiga kelele.