Shangazi wa Sandukuni: "Hiki cha Marehemu ni Shilingi Ngapi?"

Barua za mwezi huu zimenitia wasiwasi. Inaonekana kila mmoja wenu ameona kwenye simu ile video ya mtu aliyetajirika kwa chombo cha bibi yake, na sasa makabati yanapekuliwa kuliko mizigo bandarini. Wote mnauliza bei. Aliyeniuliza kitu hicho kilikuwa cha nani, kimefikaje nyumbani na nani bado yuko hai wa kusimulia, sijampata. Basi nitawajibu, lakini kwa mpangilio wangu.

Shangazi, shikamoo. Bibi yetu ana bakuli kubwa la bluu na nyeupe. Tangu nizaliwe liko kidakani, hutolewa siku ya maulidi tu. Mwezi uliopita mgeni mmoja aliliona, akatoa macho, kisha akatoa dola mia nne. Tangu siku hiyo bibi amepata wajukuu ambao hawakuonekana tangu arubaini ya babu. Je, ni la Kichina? Tuliuze?
*Mwenye Bakuli, Lamu*

Marahaba, mwanangu. Anza kwa kuligeuza bakuli, taratibu, juu ya godoro, na huyo kaka yako mwenye mikono ya mafuta akae mbali. Ukikuta chini pana muhuri wenye picha ya sphinx na neno Maastricht, bakuli hilo ni la Uholanzi, kutoka kiwanda cha Petrus Regout. Vyombo vya aina hiyo vilimiminika pwani yetu enzi za majahazi na meli za moshi. Ni vizuri, vina watu wanaovipenda, lakini havijengi ghorofa.

Ukikuta maandishi ya Kichina, usipige vigelegele bado. Wafinyanzi wa China walikuwa na desturi ya kuandika jina la mfalme wa zamani kwenye chombo kipya kwa heshima, na waghushi wakaiendeleza kwa tamaa. Hata hivyo, la kweli linawezekana. Wazee wetu walinunua kaure za China kwa karne nyingi, wakazipanga kwenye zidaka na hata kuzipachika makaburini. Nenda Mambrui ukatazame lile kaburi la mnara.

Najua umesikia habari ya Paris. Mwaka 2018 mtu mmoja alifika Sotheby's kwa treni na metro, amebeba boksi la viatu. Ndani, kwenye magazeti, mlikuwa na chombo cha maua cha enzi ya Mfalme Qianlong kilichokuwa kimekaa darini nyumbani kwao. Walikikadiria euro laki tano hadi saba, kikauzwa milioni 16.2. Hiyo ndiyo habari mnayotumiana. Ya Pinner, London, hamtumiani. Mwaka 2010 chombo cha Kichina kilichokutwa katika nyumba ya kawaida kilinadiwa, nyundo ikagongwa kwa pauni milioni 43, ukumbi ukashangilia, na mnunuzi hakulipa. Bei ya mnadani si fedha mkononi.

Sasa sikiliza lenye uzito. Sheria ya Kenya ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inakihesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895 kuwa mali kale, na hakitoki nje ya nchi bila kibali. Huyo mgeni wako na sanduku lake la magurudumu anaijua sheria hiyo kuliko wewe. Nyinyi mna makumbusho hapo hapo mbele ya bahari, mpelekeni bibi na bakuli lake wakaonane na wataalamu.

Nasema "bakuli lake" kwa sababu katika barua yako yote, kurasa mbili, hukuandika popote kwamba bibi ameulizwa. Bibi yuko hai. Mirathi ya mtu aliye hai haigawanywi, mwanangu, hata wajukuu wajae hadi barazani.

Shangazi, nimekuta sarafu ndani ya kibuyu cha marehemu babu. Upande mmoja tembo, upande mwingine tai, mwaka 1916. Ilikuwa imefifia, nikaisugua kwa jivu na ndimu hadi ikang'aa. Vijana wa kijiweni wanasema rupia ikivuta mchele ni mabilioni. Tumeiweka kwenye sinia la mchele usiku kucha, haijavuta hata punje. Nimekata tamaa.
*Mrithi wa Kibuyu, Tabora*

Weka ndimu chini. Halafu pika huo mchele mle, maana ndiyo faida pekee mtakayoipata kwao. Hakuna sarafu inayovuta mchele. Anayevutwa hapo ni wewe, na mwisho wa kamba yupo mtu atakayekuomba "pesa ya kupimia".

Nawe umekaa Tabora na hujui mji wako ulifanya nini. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, Waingereza waliziba bahari na Wajerumani wakakosa sarafu. Serikali yao ilihamia Tabora, na karakana ya reli ikageuzwa kiwanda cha fedha. Dhahabu ilitoka machimbo ya Sekenke. Humo mwaka 1916 ilipigwa sarafu ya rupia 15: tembo ameinua mkonga, mlima nyuma yake, na tai wa Kijerumani upande wa pili. Zilitoka sarafu 16,198. Mwezi Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji, wengi wao askari kutoka Kongo, yakauteka mji, na kazi ikaishia hapo.

Kwa hiyo kama ni ya kweli, wakusanyaji wa sarafu huinunua kwa maelfu ya dola. Lakini za bandia ni nyingi, baadhi zimepakwa tu rangi ya dhahabu. Nenda kwa sonara mwenye mizani ya kielektroniki. Ya kweli ina uzito wa gramu 7.17 hivi, na robo tatu yake ni dhahabu tupu. Sonara akitaka kuikwaruza "kuonja dhahabu", funga mkono utoke. Na kama yako haina tembo bali ina taji na imeandikwa heller 20, hiyo nayo ni ya karakana ile ile, ila zilipigwa kwa wingi mno, haziuzi shamba.

Kuhusu jivu na ndimu: ile rangi ya uzee uliyoifuta ndiyo wanunuzi huitafuta kwanza. Umemwosha mzee mvi. Kuanzia leo chochote cha babu kisiguswe na sabuni, msasa wala rangi ya dukani. Badala yake jiulize babu alifanya kazi wapi. Kama alikuwa reli au alimtumikia Mjerumani, itafute barua, kipande cha kazi, au shangazi yako mkubwa anayeikumbuka hadithi. Sarafu yenye historia yake na sarafu iliyookotwa haziuzwi bei moja.

Shangazi, naumwa moyo. Mwaka juzi niliuza mlango wa nakshi wa nyumba ya babu. Dalali alinipa geti jipya la chuma na laki tatu juu. Wiki iliyopita nimeuona kwenye picha za hoteli: wameulaza, wameufunika kioo, watu wanakula juu yake. Nikimshtaki nitashinda?
*Mjukuu wa Mlango, Pangani*

Pole. Naomba nikusimulie kesi ya wenzako, ujue hauko peke yako. Nchini Ufaransa wazee wawili, mume na mke, walikuwa wakisafisha nyumba yao ya mapumziko, wakakuta kinyago cha babu wa mume, aliyekuwa gavana wa kikoloni Afrika. Mwaka 2021 wakamuuzia mfanyabiashara wa vitu vikuukuu kwa euro 150. Kumbe kilikuwa kinyago cha Ngil cha Wafang wa Gabon, na vya aina hiyo vilivyobaki duniani ni vya kuhesabika. Machi 2022 kikanadiwa Montpellier kwa euro milioni 4.2, na wazee wakajua kwa kusoma gazetini.

Walienda mahakamani. Desemba 2023 mahakama ya Alès ikawakatalia: walipaswa kuuliza kabla ya kuuza. Na siku ya mnada, ndani ya ukumbi, Wagabon walisimama wakapaza sauti kwamba kinyago kirudi kwao. Hapo ndipo pa kutafakari. Wazee wawili wanalia kwamba wamepunjwa, mfanyabiashara anasema amenunua kihalali, na walioporwa tangu mwanzo wako nyuma ya ukumbi hakuna anayewapa kiti.

Wewe mlango wako haukuporwa, na hilo linakuuma zaidi. Sheria ya Tanzania ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inautaja mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya mwaka 1940 kuwa kitu kinacholindwa. Kabla hujamfikisha dalali kwa hakimu, fikiria hakimu akikugeukia wewe mwenyewe utamjibu nini. Ushauri wangu: nenda Mambo ya Kale na picha za zamani za nyumba, ueleze yote, pamoja na lile geti. Angalau mlango uandikwe ulikotoka. Sasa hivi wageni wa hoteli wanaambiwa umetoka "pwani", basi, kana kwamba ile minyororo iliyozunguka fremu na yale maua kwenye mfaa yalichongwa na upepo. Fundi aliyeuchonga alikuwa na jina. Mpigie baba mdogo leo, anaweza kulikumbuka.

Shangazi, kuna watu wanapita mtaani wanatafuta cherehani za Singer za zamani, wanasema ndani kuna zebaki nyekundu. Ya mama bado inashona. Wametaka kuifungua "waangalie tu". Nifanyeje?
*Binti Fundi, Mombasa*

Funga mlango. Uvumi huu ulitikisa Saudi Arabia mwaka 2009. Watu waliambiwa kwamba ukisogeza simu karibu na sindano na laini ikikatika, basi zebaki ipo. Cherehani kuukuu zikauzwa kwa maelfu ya riyali, polisi wakatangaza ni utapeli, na walionunua wakabaki na cherehani wasizojua kushona. Hakuna zebaki nyekundu ndani ya Singer. Kuna mafuta, nyuzi, na pini mliyoitafuta sikukuu ya mwaka ule.

Ukitaka kujua umri wake, soma namba iliyogongwa kwenye bamba. Inaonyesha mwaka ilipotengenezwa, na huenda ukagundua ilitoka Clydebank, Scotland, kiwanda kilichofunguliwa 1885 na kufungwa 1980. Lakini zilitengenezwa kwa mamilioni, kwa hiyo mnadani haitakupa mengi. Cherehani ambayo imewasomesha wanne na bado inakunja pindo sawasawa imeshalipa bei yake mara nyingi. Itie mafuta, mama aendelee.

MAJIBU MAFUPI

*Kwa Mwenye Mkufu, Unguja:* Usihesabu miaka kwa tarehe iliyo kwenye reale za mama yako. Reale ya Sham, yenye sura ya Malkia Maria Theresa, huandikwa 1780 hata ikipigwa leo. Malkia alifariki mwaka huo, tarehe ikabaki hivyo hivyo, na zimepigwa Vienna, London, Bombay na kwingineko. Fedha yake ni ya kweli, thamani yake kwa kawaida ni ya uzito wa fedha. Anayekuambia ni ya karne ya 18 akuonyeshe hoja, si tarehe.

*Kwa Aliyepata Mteja, Kilifi:* Unauliza bei ya kigango, ile nguzo ya kuchongwa ya kumkumbuka marehemu. Hiyo si samani, huyo ni mzee wako amesimama. Vigango vya familia moja ya Kimijikenda viliibwa mwaka 1985, vikaja kuonekana kwenye makumbusho mawili ya Marekani, na mtafiti aliyekuwa amevipiga picha ndiye aliyevitambua. Vilirudi kwao mwaka 2007. Wenzako wametumia zaidi ya miaka ishirini kuvirudisha, wewe unataka kuvisindikiza.

*Kwa Ndugu Saba, Tanga:* Kama mmoja anataka kubaki na saa ya ukutani ya baba, ithaminiwe na mtu asiye ndugu, kisha awalipe wengine mafungu yao. Mkishindwa, nendeni kwa kadhi. Kuvunja saa mgawane vyuma ni wazo la shemeji, na shemeji harithi.

*Kwa Mwenye Sanduku la Karatasi, Siyu:* Usizichome. Kusema "ni Kiarabu, hatujui kusoma" si sababu, maana huenda ni Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wako kwa karne nyingi. Nakala ya Utendi wa Tambuka ya mwaka 1728 haiko Pate wala Lamu, iko Hamburg, Ujerumani. Ilifika huko kwa sababu kuna aliyejua ni kitu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hazina kubwa ya miswada ya aina hiyo, na wako wanaoisoma kama wewe unavyosoma ujumbe wa simu. Usizikunje, usizibandike kwa gundi ya karatasi, usiziache sakafuni mchwa wakazithamini kabla yako. Umeandika kwamba bibi yako, mwenye miaka tisini, "huzisoma akiwa na nafasi." Nenda kesho asubuhi, ukae chini, urekodi sauti yake tangu ukurasa wa kwanza, umuulize nani aliandika na aliandikiwa nani. Mnunuzi anaweza kusubiri mwaka mzima, na bei ikapanda. Bibi wa miaka tisini hana ratiba hiyo.