Jinsi ya Kushindwa na Panya kwa Heshima

Karibu, vuta kigoda. Nasikia vifaranga wako jana walikuwa tisa, leo ni saba, na mama watoto amesimama mlangoni mwa banda, mikono kiunoni, akisubiri maelezo. Ni yeye anayehesabu kila kitu kwa mkaa ukutani, mayai kwa vifaranga, kwa hiyo hatuna muda. Mimi nimefuga kuku miaka mingi hapa jirani na mgodi wa Mwadui, sijawahi kumshinda panya hata mmoja, na bado mtaani naitwa mtaalamu. Nifuate.

1. Mtaje mhalifu mwenye hadhi

Usiseme panya. Ukisema panya utaulizwa ulikuwa wapi. Sema kicheche. Kicheche ananuka, ni wa porini, anatembea usiku, na hakuna anayetegemea umkamate kwa mikono. Utapewa pole badala ya lawama. Mchana mtaje mwewe. Yai likipotea, kenge.

Kuku wakianza kusinzia, shingo zimepinda na kinyesi ni cha kijani, hicho ni kideri, lakini usikubali hata ukishikiwa panga. Ukikitaja utakumbushwa ile chanjo ya tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Nani amewahi kusifiwa kijiweni kwa kumdondoshea kuku dawa jichoni? Sema ni upepo mbaya.

2. Andaa chakula cha usiku

Mwaga pumba za kutosha jioni, na gunia la mashudu ya pamba liache wazi pembeni. Kuku gizani haoni kitu; akishapanda kichanjani hali tena mpaka kuche. Kinachobaki chini ni cha mtu mwingine. Wenzetu wa Geita wamehangaika miaka na miaka kupata magwangala, yale mawe ya mabaki ya mgodi, wayaponde watafute punje ya dhahabu. Panya wako magwangala yake anapelekewa mpaka mlangoni, tena yakiwa yamesagwa.

Naye hana ubahili. Panya shamba wa kwetu hubeba mimba wiki tatu tu, halafu anazaa kumi au zaidi kwa mkupuo mmoja. Ukimlisha vizuri mwezi huu, mwezi ujao una ukoo.

3. Jenga uzio unaoonekana barabarani

Nunua ule wavu wa matundu makubwa, uzungushie banda, upake rangi ya kijani. Wavu ule unamzuia kuku asitoke; mtoto wa panya anapita katikati yake akipiga mluzi. Najua, najua: upo wavu mwingine wa matundu madogo, usiopitisha hata kidole, unaochimbiwa ardhini ili asipite chini. Lakini pesa ukishaifukia chini ya udongo, jirani ataionaje? Halafu tusidanganyane. Mgodi wenyewe una uzio na walinzi, na bado wabeshi wanaingia usiku kusaka almasi. Wewe ni nani mpaka uzio wako ufanye kazi?

4. Tumia sumu, kwa kelele

Siku ya mnada msubiri yule kijana mwenye kipaza sauti: dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto. Nunua mbele za watu. Ukifika nyumbani itandaze yote kwa mara moja, kwenye kitu kipya kinachong'aa, mahali ambapo jana hapakuwa na kitu. Panya ana wasiwasi kuliko mhasibu. Kitu kigeni anakizunguka siku kadhaa. Akionja anaonja kidogo, na akiumwa tumbo bila kufa harudii tena. Mtaalamu wa kweli angeweka kwanza chambo kisicho na sumu mpaka wazoee. Hiyo ni subira, nasi hapa tunafundisha haraka.

Wa kwanza kufa atakuwa paka wa jirani, aliyemla panya mlevi wa sumu. Yule paka alikuwa mfanyakazi pekee mtaa mzima. Mzike usiku, na asubuhi uwe wa kwanza kwenda kutoa pole. Tikisa kichwa. Sema, "Kicheche."

Na usijione duni ukishindwa. Magawa, panya buku aliyefundishwa na shirika la APOPO pale chuo kikuu cha SUA, Morogoro, alipewa nishani ya dhahabu na shirika moja la Uingereza mwaka 2020 kwa kunusa mabomu ya ardhini huko Kambodia. Wewe umepewa nishani gani?

5. Mfukuze bundi

Akitua juu ya bati, mpige mawe mpaka aende mtaa wa pili. Kazi yake ni kula panya usiku kucha bila mshahara, lakini watoto wataogopa, na shangazi ataanza kuuliza nani anaumwa.

6. Hatua ndogo zikikuchosha, maliza kila kitu

Hapa mkoa wetu una historia, na nataka uisikilize, maana hapa watu walishindana na mdudu kwa ukubwa wa ajabu. Miaka ya 1920 na 1930 Waingereza walitaka kumwondoa mbung'o Shinyanga. Swynnerton, mkuu wa utafiti wa mbung'o, aliweka makao yake hapahapa. Mbung'o anaishi kwenye kivuli cha kichaka, kwa hiyo dawa ilikuwa wazi: ondoa kichaka. Watemi wakatoa amri, watu wakatoka kwa maelfu na mashoka, pori likalala chini.

Na mbung'o alirudi nyuma kweli, tusimdhulumu mtu. Ng'ombe wakaingia, pamba ikafuata, watu wakaongezeka. Kisha kuni zikawa safari ya nusu siku, upepo ukawa unabeba udongo, na mkoa ukaanza kuitwa jangwa. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, kurudisha miti. Wataalamu wakaja na magari kuwahimiza Wasukuma watenge ngitili, malisho ya akiba ambayo babu zao walikuwa wakiyatenga bila gari wala semina. Mwaka 2002 HASHI ikapata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa, na kwa haki kabisa.

Umeuona utamu wake? Kukata ni kazi, kupanda ni mradi. Kwa hiyo fyeka uwanja wote kwa ajili ya panya watatu. Kata mwarobaini uliokuwa ukiwapa kuku kivuli. Kuku wakianza kuhema kwa jua la saa nane, itisha kikao cha kupanda miti, na uwe mwenyekiti.

7. Unda kamati

Wasukuma wa zamani, nungunungu walipowamalizia mazao, waliunda chama cha Banunguli: watu walioingia kwenye mashimo yenyewe, wakitambaa, wakamfuata mnyama kwake, na walipotoka wakacheza ngoma. Kamati yako ianze na ngoma. Shimoni tutaingia bajeti ikiruhusu.

8. Usiwaue wote

Hili nilitaka kulisema tangu mwanzo, lakini ilibidi kwanza nikuamini. Ikitokea kwa bahati mbaya mtego ukafanya kazi, bakiza panya wawili watatu. Wape majina ukipenda. Dokta Williamson alifika nchi hii akasaka mpaka mwaka 1940 akaipata almasi ya Mwadui. Wewe kila usiku saa tano unapapasa nyasi za banda kwa bidii ileile, na unapata. Mama watoto asubuhi atakuta mayai kumi, ukutani mistari ya mkaa ni kumi na miwili. Lazima awepo aliyekula.

Jikaze tu kwenye mambo madogo. Osha kikaango. Maganda yafukie mbali, na banda litie kinyesi cha panya kidogo kwa ushahidi. Na kile kitunguu ulichokata, kirudishe kapuni kwa upande uliokatwa chini, maana juzi mama watoto aliniuliza, taratibu kabisa, kwamba huyu panya wetu siku hizi anakula mayai kwa kitunguu na chumvi?