Ndizi Zimekaa Dirishani

Kikoba chetu cha Kihesa kilipoamua kula faida ya mwaka kwa kwenda kutalii maziwa ya Mbeya, mimi niliingia kwenye Kosta na kamera. Kina mama waliingia na viroba vitupu, vimekunjwa vizuri kama kanga za harusi.

Shangazi alikuwa na dumu la ulanzi la kuwapelekea wakwe zake Tukuyu. Ulanzi hauna adabu ya safari. Unaendelea kuchachuka njiani, na dumu lake hulegezwa kifuniko ili upumue. Dereva alimkumbusha.

"Mwanangu, ulanzi nimeujua wewe hujazaliwa," akajibiwa, na kifuniko kikakazwa, kikawekewa na nailoni juu.

Mafinga, Makambako, Chimala: dumu linavimba, sisi tunalitazama kwa pembe za macho. Tulipokata kona ya Uyole na kuanza kupanda milima ya Rungwe, kifuniko kikafyatuka, kikagonga paa, na ulanzi wote ukamwishia mzee wetu wa kanisa, mtu ambaye hata togwa huinusa kwanza. Jioni ile mhudumu wa nyumba ya wageni alimshika mkono ngazi nzima, akimwambia, "Taratibu, baba, kitanda hakikimbii."

Kesho yake tukapanda Ngosi, ziwa lililotulia ndani ya kreta ya volkano. Unapita msituni, matope, mizizi, unafika ukingoni huna pumzi. Ukungu ulikuwa umefunga kabisa. Kijana aliyetuongoza akanyoosha kidole kwenye weupe ule: "Ziwa liko pale." Tukalipiga picha. Katibu ameiweka ukutani kwake na anawaonyesha wageni ziwa lilipo.

Matema, kwenye Ziwa Nyasa, hakuna ukungu. Kuna jua, na sisi watu wa Iringa tuliteremka na masweta. Milima ya Livingstone inaingia majini palepale, na ziwa lenyewe kina chake kinafika kama mita 700. Nililieleza hili kwa hisia. Hakuna aliyesikia, walikuwa wanauliza bei ya usipa. Jumamosi ilikuwa siku ya soko la vyungu Lyulilo, ambako wanawake wa Kikisi huleta kwa mitumbwi vyungu walivyofinyanga kwa mikono huko Ikombe. Hapo viroba vikaanza kufunguka.

Kyela tukapakia mchele. Tukuyu, mikungu ya ndizi. Uyole, viazi, maana eti "tumeshafika, tutaviachaje?" Dereva akazima injini.

"Mama zangu, Makambako kuna mizani. Gari hili haliendi hivi. Kipungue kitu."

Mwenyekiti akasimama. Akaitazama mikungu, akavitazama vyungu, akageuka nyuma walikokaa vijana.

"Wanangu, mabasi ya Iringa yanapita hapa mpaka jioni."

Nilishuka na kamera yangu. Kabla mlango haujafungwa, mkungu mkubwa ulishakalishwa kwenye kiti changu cha dirishani, na Shangazi anaufunga mkanda.