Ngeli za Kazi za Pembeni: Uchunguzi wa Sampuli Moja Katika Chumba cha Sinza

Mwaka 1735 Mswidi Carl Linnaeus alitoa kitabu chembamba, Systema Naturae, akavigawa vitu vyote vya asili katika milki tatu: mawe, mimea na wanyama. Ni kazi ya heshima. Ila Linnaeus hakuwahi kuchangia chumba na mwanafunzi wa teknolojia bunifu, ndiyo maana hakuacha nafasi ya kiumbe ambacho asubuhi ni kadi ya mchango wa harusi, jioni ni king'ora cha tangi la maji, na usiku ni sababu ya kukosa kipindi cha saa mbili.

Mimi nachangia naye. Chumba kipo Sinza, Dar es Salaam, nyuma ya saluni. Mimi nasoma ualimu wa Kiswahili, mwaka wa tatu; yeye anasoma ile fani inayochanganya uchoraji, sauti, waya na uandishi wa programu, ambayo mama yake huwaeleza majirani kuwa ni "mambo ya kompyuta" na baba yake huieleza kuwa ni "bado yupo chuo". Katika utafiti huu ataitwa Sampuli. Data zilikusanywa kwa njia ya ushuhudiaji shirikishi kwa miezi kumi na minne, yaani mimi nilikuwa nimelala na taa ilikuwa inawaka.

Mwanzoni nilijaribu kuzigawa kazi zake kwa kufuata mtaala wake: usanifu, uhuishaji, sauti, vifaa. Mgawanyo ukaanguka wiki ya kwanza, kwa kuwa kazi zilizomo kwenye mtaala ndizo alizokuwa hazifanyi. Zile alikuwa anazidesa usiku wa kuamkia siku ya kukusanya. Ndipo nikarudi kwenye silaha yetu ya nyumbani, ngeli. Tangu Wilhelm Bleek azipe namba ngeli za lugha za Kibantu katika sarufi linganishi aliyoanza kuitoa 1862, wasomi hawajaacha kugombana: wengine hutazama umbo la nomino, wengine hutazama upatanisho wake ndani ya sentensi. Mimi niko upande wa upatanisho. Ukitaka kujua kazi ni ya namna gani, usiitazame yenyewe, msikilize aliyeiagiza.

Ngeli ya KI-VI ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo inayoleta njaa. Mfano wake halisi ulinaswa Jumapili moja jioni, simu ikiwa kwenye spika.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Masomo yanakwendaje? Sasa, nina kikadi hapa."

Msomaji aone kilichotendeka. Kadi kwa asili ni ya I-ZI. Ilikuwa imesimama na heshima zake. Shangazi kaipachika ki- na papo hapo ikasinyaa: muda wa kuitengeneza ukawa dakika tano, na malipo yake yakawa dua. Hiyo ki- ya udogo haipunguzi kitu chochote upande wa mtendaji. Kikadi kile kilikuwa na picha ya bibi harusi iliyopigwa na simu gizani, picha ya bwana harusi iliyokatwa kutoka kwenye picha ya mahafali, namba mbili za kupokelea michango, kiwango cha mtu mmoja na kiwango cha wawili, jina la mwenyekiti wa kamati, na sharti kwamba maandishi yawe "yale ya kukunjakunja". Kamati ilikaa mara nne. Kila ilipokaa, kikadi kilirudi. Mara ya tatu rangi ya sare ilikuwa imebadilika kutoka zambarau hadi ile ambayo shangazi aliiita "zambarau, lakini siyo hiyo". Mara ya nne mjumbe mmoja mwenye mtoto aliyesoma akauliza kama kadi haiwezi kutumwa WhatsApp ikiwa na ule mraba wa vidotidoti, ili mlangoni watu waskaniwe na wasioalikwa wajulikane. Sampuli akakaa siku tatu kuandika programu ya mlangoni. Bado kiliitwa kikadi.

Katika ngeli hii nimewahi pia kukusanya kilogo, kivideo, kibango cha mkutano wa injili na kiwimbo cha matangazo ya duka la vipuri. Juu yake kuna umbo la udogo maradufu, lenye kiji-, ambalo wanasarufi hulitaja kwa haraka na kupita; hawajui madhara yake. Kwa ushahidi wa chumba chetu, kazi hulipwa fedha, kikazi hulipwa nauli, na kijikazi hulipwa chipsi mayai, tena mteja akila nusu. Nilimshauri Sampuli ajikinge kwa umbo la ukubwa, amjibu shangazi, "Hilo jikadi litachukua wiki mbili." Hakuthubutu. Kuna sarufi, na kuna shangazi aliyekulipia ada ya kidato cha tano.

Ngeli ya I-ZI ina sifa moja inayojulikana: nomino zake nyingi hazibadiliki umbo katika wingi. Nguo moja, nguo kumi. Wageni wanaojifunza Kiswahili hulalamikia jambo hili, nami niliwacheka hadi siku nilipofungua kompyuta ya Sampuli kutafuta kadi ya shangazi nikakutana na neno fainali. Palikuwa na kadi_fainali, kadi_fainali_mpya, kadi_fainali_ya_kweli, kadi_fainali_shangazi, kadi_fainali_shangazi_kakubali, na ya mwisho, USIGUSE_fainali, ambayo ilikuwa imeguswa jana yake. Fainali hii, fainali hizi: umbo halibadiliki. Ukisikia tu mtu anasema "nimekutumia fainali", huna njia yoyote ya kisarufi ya kujua ni ya ngapi.

Ngeli ya A-WA inahitaji uangalifu. Walimu wetu walitufundisha kwamba uhai hushinda umbo: kiongozi ana ki- lakini tunasema kiongozi amefika, ng'ombe ana umbo la I-ZI lakini hatusemi ng'ombe imekufa. Sampuli ameipanua kanuni hiyo. Kompyuta yake mpakato haikuwahi hata siku moja kupatanishwa kwa i-. "Amegoma kuwaka." "Muache apumue." "Anasikia joto, mgeuzie feni." Chumba kina feni moja, na kwa Dar es Salaam ya Februari upatanisho huu una gharama yake: mwenye uhai wa kisarufi alipepewa, na mwenye uhai wa kibaiolojia alilala kwenye sakafu.

Sababu ya joto hilo ilikuwa filamu ya kunguru. Ni katuni ya sekunde 30 ya kunguru wa mjini anayeiba chapati ya mama ntilie, jambo ambalo mkazi yeyote wa Dar atalishuhudia bure bila filamu. Sampuli aliifanya kwa Blender, programu ambayo ni huria tangu 2002, wakati Mholanzi Ton Roosendaal alipochangisha euro 100,000 kwa watumiaji ili kuikomboa kutoka kwa wawekezaji wake (nami husema ni kamati ya harusi ya kwanza iliyofikia lengo). Hesabu ni hii. Filamu hula picha 24 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde 30 ni picha 720. Kila picha, kwa sababu ya manyoya, ilichukua dakika 3 kurenda, yaani kuchorwa na kompyuta hadi ikamilike. Hizo ni dakika 2,160, yaani saa 36. Kompyuta inayokula wati 100 kwa saa 36 hutafuna yuniti 3.6, na feni ya wati 50 ikiwa ubavuni inaongeza 1.8. LUKU yetu, mita ya umeme wa kulipia kabla, ni moja kwa vyumba sita. Baba mwenye nyumba alipokuja kuuliza nani anapiga pasi usiku kucha, Sampuli alimweleza kwamba "Flow", ile filamu ya paka kutoka Latvia iliyochukua Oscar ya 2025, imetengenezwa kwa programu hiyohiyo. Mzee akasikiliza kwa adabu. Kisha akauliza huyo paka alikuwa analipa shilingi ngapi za umeme.

Kwa faida ya wanaisimu, kitenzi renda kimeshapata minyambuliko yake chumbani. Rendesha ni kuibebesha kazi kompyuta ya mwenzako ikufanyie. Rendewa ni kuipata asubuhi imeiva. Rendana haijathibitishwa. Rendeka hutumika katika ukanushi tu.

Ngeli ya LI-YA ni ya madude, na humo ndimo Sampuli anapoonekana ana furaha. Hakuna aliyemtuma. Maji mtaani kwetu yana ratiba yake, huja usiku, na tangi likijaa hufurika hadi mlangoni kwa fundi cherehani. Sampuli akaamua atalitibu. Akanunua Kariakoo bodi ya Arduino Uno ya kunakili, kizazi cha zile zilizoanzia Ivrea, Italia, 2005, na kupewa jina la baa walimokuwa wakikutana baadhi ya waanzilishi. Akanunua na kihisi chenye macho mawili kama bundi. Jicho moja hutoa sauti ya kilohezi 40, ambayo sikio la binadamu haliipati. Jingine husubiri mwangwi. Kikiwa mita moja juu ya maji, sauti huenda na kurudi kwa takriban milisekunde 6. Maji yakipanda, mwangwi unawahi. Ukiwahi sana, king'ora kinalia. Mimi nilimshikia tochi, na nakiri kwamba namba zilipoanza kubadilika kwenye skrini kadiri alivyoshusha na kupandisha ndoo, nilisahau kuandika data.

Usiku wa pili, saa tisa, king'ora kikalia. Wapangaji wote wakatoka na ndoo, madumu, sufuria, mmoja na beseni la kuogeshea mtoto. Tangi lilikuwa kavu. Sampuli akapanda na tochi, akakaa juu muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akashuka. Mende alikuwa amesimama mbele ya macho ya kihisi. Sauti ikagonga mgongo wake na kurudi upesi, na hesabu zikatangaza maji yamefika kileleni. Programu haikuwa na kosa hata moja. Maelezo hayo, aliyoyatoa uani mbele ya watu walioshika vyombo vitupu, hayakupokelewa kwa namna aliyotarajia. Baba mwenye nyumba alitoa uamuzi kwa umbo la ukubwa lililo safi kabisa: "Shusha hilo lidude." Limo uvunguni hadi leo, na taa yake ndogo inawaka sekunde moja na kuzima sekunde moja, kwa kuwa amelirudishia ile programu ya kwanza ambayo kila mwenye Arduino hujifunza, na Sampuli hajapata moyo wa kulipa nyingine. Bumu nalo, ile fedha ya mkopo wa mwanafunzi, ni la ngeli hii, tunasema limetoka, ila katika utafiti wote sikumsikia mtu akitumia wingi wake.

Ngeli nyingine nitazipita. U-I ni ya mitihani, mikopo na miradi ya kundi, yenye majina matano na mfanyaji mmoja. Ngeli ya U ina nomino za dhahania zisizo na wingi, kama uzoefu na ushirikiano, na wenye maduka hupenda kulipa kwa nomino hizo kwa sababu hiyohiyo: kisichohesabika hakidaiwi. Mmoja aliongeza "na utajulikana". Wanasarufi watapinga kwamba u- hiyo ni kiambishi cha nafsi, si ngeli. Najua. Malipo yalikuwa yaleyale.

Inabaki PA-KU-MU, ngeli ya mahali, ambayo wanafunzi wangu wa mazoezi ya kufundisha hawakuielewa na Sampuli anaitumia kama mwanasheria. Pa- ni mahali hususa, ku- ni mahali pasipo dhahiri, mu- ni ndani. Mteja huuliza kazi ipo wapi. Jibu la "ipo" maana yake faili lipo na amelipoteza. Jibu la "iko", mara nyingi iko njiani au iko mwishoni, maana yake haijaanza. Jibu la "imo" ndilo zito kuliko yote, kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kuuliza imo ndani ya nini. Nimelisikia likitumika kwa flashi, kwa kompyuta, na mara moja, saa nane usiku, kwa kichwa chake mwenyewe. Mhadhiri wake mmoja alilikubali kwa wiki mbili.

Nilipomaliza kuandika haya niliona tasnifu inahitaji sura ya mbele inayovutia. Sampuli alikuwa ameketi kitandani akichomelea waya, feni imeelekezwa kwa mwenye uhai.

"Mwanangu," nikamwambia, "nitengenezee kijalada basi. Kitu kidogo tu, picha na jina."

Akainua macho taratibu. "Umesemaje? Ki- nini?"

Nikajaribu kurekebisha: jalada, kaka, jalada kamili la LI-YA. Ki- ilikuwa imeshatoka. Akadai nusu kabla, na nusu nyingine iwe zamu zangu tatu za kununua LUKU. Nimelipa. Leo asubuhi, siku ya kumi na moja, nimemuuliza kimefikia wapi.

"Kimo," akasema, akamgeuzia kompyuta feni.