Dalali Hakuondoka

Kabla ya mwaka 1962, mji huu wa Bujumbura ulipokuwa ungali ukiitwa Usumbura, tajiri aliyengojea shehena kutoka Kigoma alishuka gatini mwenyewe, akamuuliza nahodha, akajibiwa, na dalali akachukua fungu lake hadharani, kwa kelele na kiapo. Leo, alhamdulillahi, twaambiwa na mabwana waliovaa tai kwamba simu imemfukuza dalali. Kumbe mchukuzi wa Bandari ya Bujumbura, akitumiwa ujira wake kwa simu, kupitia Lumicash, kisha akataka kuushika mkononi, hukatwa ada na dalali asiyeonekana, asiye na kelele wala kiapo, na ambaye (hili ndilo linaloniudhi) hakubali kupatana bei. Gunia la saruji lingali likibebwa begani.