Mjomba wa Rombo Ajibu: Tani Mbili za Peleti

*Shikamoo Mjomba. Binamu yangu aliye Ujerumani hununua peleti za mbao wakati wa joto, bei ikiwa chini, ili aote moto msimu wa baridi. Mimi Julai ya Kitengela inanitesa. Je, niagize tani mbili niziweke chumbani? Mke wangu amenuna.*
*— Mtetemekaji, Kitengela*

Marahaba, mpwa wangu. Umefanya vyema kuniuliza mimi, kwa kuwa washauri wengine wa baridi wanakaa Mombasa.

Mimi niko Rombo, chini ya Kilimanjaro upande wa Kenya, na kila alfajiri nikifungua dirisha natazamana na kilele cha Mawenzi. Watu wa mbali humjua Kibo tu, na theluji yake na mita zake 5,895. Wachaga husimulia kwamba Mawenzi aliuachia moto wake ukazimika, akaenda kwa nduguye Kibo kuomba kaa la moto. Akapewa, na ndizi juu yake. Ndizi zikamnogea. Akawa analizima kaa njiani makusudi, anarudi kuomba tena, mpaka Kibo akashika mchi akamtwanga. Ndiyo sababu kilele chake kimechongokachongoka hadi leo. Wasimulizi wote humlaumu Mawenzi. Mimi humtetea. Nimemtetea matangani, nimemtetea harusini, na safari moja nilimtetea mbele ya chifu aliyekuwa ameniita kwa shauri la mpaka wa shamba. Shauri nilishindwa, lakini Mawenzi alitoka na heshima yake.

Tulikuwa wapi? Peleti.

Hizo ni machujo ya mbao yaliyokaushwa na kushindiliwa kwa mashine hadi yakawa vipande vya unene wa milimita 6 au 8. Zikiingia maji huvimba na kurudi kuwa machujo, nawe utabaki na tani mbili za matandiko ya kuku. Tena zataka jiko lake maalumu, lenye parafujo ya kuzisukuma motoni na feni ya kupuliza, na vyote viwili vinakula stima. Stima ikipotea, moto unazimika. Mpwa wangu, wewe unakaa Kitengela. Sina la kuongeza.

Huku kwetu akiba ni makaa, na kwa makaa sina mpinzani kutoka Illasit hadi Isinya. Wauzaji wakiniona huanza kupunguza bei kabla sijashuka kwenye bodaboda. Nunua Januari au Februari, kabla mvua haijaharibu njia na kulowesha mali. Gonganisha vipande viwili: makaa mazuri hulia mlio wa chuma, mabaya hunyamaza na kukuachia vumbi. Zamisha mkono hadi katikati ya gunia, maana vile vikubwa vya mdomoni vimewekwa pale kwa ajili yako. Ulizia pia kibali cha kusafirishia. Kanuni za mwaka 2009 zilikidai. Februari 2018, serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, bei ya gunia ilipaa. Mimi nilikuwa na stoo imejaa. Majirani waliniita Mheshimiwa, na wengine hawajaacha hadi leo, ingawa nawakumbusha.

Washa kwenye jiko lenye udongo ndani ya bati, lile ambalo wazo lake lilitoka Thailand likaundwa upya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hula makaa kidogo kuliko la bati tupu. Sikulibuni mimi. Nilikuwa na shughuli.

Lakini usije ukaliingiza chumbani, ukafunga dirisha, ukalala. Makaa hutoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kinauma, usingizi mzito unakuchukua, na asubuhi majirani wanavunja mlango. Hapa sitanii: likiwaka ndani, mlango na dirisha viwe wazi, na kabla ya kulala litoke nje kabisa.

Utasema, dirisha likiwa wazi joto litakaaje? Swali zuri, karibu kama la kwangu. Toa jiko, lete wakwe. Mtu mzima aliyetulia hutoa joto la takriban wati 100. Wakwe sita ni wati 600, bila moshi, na stima ikipotea hawazimiki. Wamasai walilijua hili zamani, wakawa wanalaza ndama ndani ya enkaji, yaani nyumba yao, pamoja na watu. Wakwe wakikosekana, tafuta ndama wawili. Mwenye nyumba akilalamika, mwambie umetumwa na mimi. Akiuliza mimi ni nani, hama. Huyo si mtu wa kukaa kwake.

Mhariri ameniachia mistari mitatu, na picha yangu inataka mmoja. Kwa hiyo: peleti muachie binamu, gunia moja la makaa linatosha, nunua blanketi nzito, na pesa za tani mbili mpe mkeo. Nawe wa Kimana uliyeuliza kuhusu vitunguu: ndiyo, lakini si kwa punda huyo.